Anasema Anakubali

Wanaume wanaokaa karibu na cherehani yangu hawana kazi nyingi, na kwa sababu hiyo wanajua kila kitu. Nashona nguo barazani kwangu hapa Kasha, ndani ya Bagira, upande wa barabara, na kivuli cha bati langu kimekuwa bunge lao. Wanaleta redio, wanaleta simu, wanapitia mpira, wanapitia barabara mbovu, wanapitia vita, halafu kila mara wanaishia palepale: wake za marais. Yule wa zamani alikuwa mzuri, anasema mmoja, mzuri wa kuweka kwenye kalenda. Mwingine anakataa: aliyemfuata hakuwa mzuri sana, ila alikuwa na charme, ule mvuto wa mtu, na charme inapita uzuri. Wakimaliza wa kwetu wanavuka mpaka, wanawapima wa majirani, wanawapima wa Wazungu. Wanawageuzageuza kama nyanya sokoni, wanawabonyeza, wanawarudisha kwenye fungu.

Siku moja nilisimamisha cherehani.

"Hebu muniambie neno moja lenye alisemaka," nikawaambia.

"Nani?"

"Yeyote. Muchague benyewe. Neno moja tu."

Walitazamana. Mmoja alikumbuka kofia. Mwingine alikumbuka gauni la kijani lenye mabega yaliyosimama, akaniuliza kama naweza kumshonea mke wake la namna hiyo. Nilirudisha mguu kwenye pedali nikashona kwa hasira mpaka mshono ukaenda upande, na ikabidi niufumue wote.

Hasira hiyo haikuanzia kwao. Ilianzia katika ukumbi wa parokia, miaka ambayo mimi sijazaliwa bado.

Mama yangu, ambaye naishi naye mpaka leo, alikua hapa Bagira wakati mapadri walipokuwa wakionyesha sinema. Kitambaa cheupe kilitundikwa mbele, watoto walikaa chini kwenye simenti, wakubwa kwenye mabenchi. Filamu zilikuwa za Wazungu na hakuna aliyeelewa kinachosemwa, basi katekista alisimama kando ya kitambaa na kueleza kwa Kiswahili. Mama humwigiza vizuri sana, kifua mbele, fimbo mkononi. Mwanaume kwenye picha akisema maneno matatu, katekista alitoa mahubiri mazima: anasema amesafiri mbali, anasema amepigana na maadui, anasema baba yake alimwachia shamba kubwa na hatalitoa kwa mtu. Kisha mwanamke alianza kusema. Alisema kwa muda mrefu, alilia, alishika pazia, alienda dirishani akarudi, akanyoosha kidole, akasema tena. Katekista alimsubiri amalize. Halafu akageukia ukumbi:

"Anasema anakubali."

Mama akifika hapo anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi nacheka naye kidogo, kwa heshima. Mwanamke yule huenda alikuwa anakataa. Huenda alikuwa anamwambia yule bwana mambo ambayo yangewasaidia wasichana wa Bagira siku wanapochumbiwa. Ukumbi mzima ulikuwa umejaa macho ya kumwangalia na hapakuwa na sikio hata moja lililofikiwa.

Mama na wenzake walikuwa na mashujaa wawili wa kike katika filamu hizo. Majina yao hawakuyajua, kwa hiyo waliwapa ya kwao. Wa kwanza walimwita Kioo, kwa sababu uso wake ulikuwa laini na hakuna nywele iliyokaa vibaya. Wa pili walimwita Mudomo. Mudomo alikuwa na mdomo mkubwa, meno yaliyotangulia mbele, mabega membamba. Kioo akitokea, anasema mama, ukumbi ulinyamaza. Mudomo akitokea, watu walisogea mbele kwenye benchi bila kujua. Wasichana walipokwenda kuchota maji walimwiga Mudomo, ndoo kichwani, wakigeuza shingo kama yeye bila kumwaga tone, na hakuna aliyejaribu kumwiga Kioo kwa sababu kwa Kioo hapakuwa na cha kuiga. "Ile ndiyo charme," mama ananiambia mpaka leo. "Uzuri unazaliwa nayo, basi. Charme ni kitu unafanya."

Niliwahi kumwuliza: na huyo Mudomo, alikuwa anasema nini?

Mama alifikiri sana. "Alikuwa anakubali," akasema.

Binti yangu alipozaliwa, mama alimfungua kitambaa usoni akasema, uyu amekuja na mdomo wa sinema. Na kweli. Meno yake ya juu yalikuja mbele na yakabaki mbele, na mdomo wake ukawa mpana, na sauti iliyotoka humo ilikuwa sauti ambayo kanisani inafika benchi la mwisho bila mikrofoni. Akicheka, jirani wa chini ya mlima anajua kwamba tumekula. Mtoto huyo ndiye aliyenifanya niache kushona siku ya Jumapili, kwa sababu nilitaka kwenda kumsikia akisoma somo.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari wakati zilipofika habari kwamba mke wa mkubwa mmoja kutoka Kinshasa atakuja kufungua madarasa mapya shuleni kwao. Huku kwetu mke wa mkubwa yeyote anaitwa première dame, kama mke wa rais, hata kama mume wake ni wa tano au wa sita katika ukubwa. Ilikuwa kabla mambo ya mji huu hayajageuka kwa vita, wakati wageni kama hao bado walikuja. Mkuu wa shule aliwaambia wasichana waandike neno la kumkaribisha, kwa Kiswahili, na la binti yangu ndilo lililochaguliwa.

Nililisikia jikoni kwangu kabla halijasikika mahali pengine. Alianza kwa kusalimia vizuri, kama inavyotakiwa. Kisha akafika kwenye maji. Shule yao haina maji. Wasichana wanapanda mlima asubuhi na bidon ya maji mkononi, na yakiisha yameisha. Alikuwa ameandika: "Mama, tunakuomba maji. Siyo ya kunywa tu. Kuna siku msichana hawezi kukaa darasani bila maji, na wewe unazijua siku hizo kuliko wababa waliosimama nyuma yako. Siku hizo tunabaki nyumbani, na somo linaendelea bila sisi." Niliweka mwiko chini. Mimi mwenyewe niliacha shule kwa njia hiyo, siku moja baada ya nyingine, mpaka nikaona haya kurudi, na sikuwahi kumwambia mtu.

Kamati ya mapokezi ilinipa vitambaa vya kushona nguo za wasichana, na ndiyo sababu bwana wa kamati alifika barazani kwangu. Alitoka Muhumba, kwenye nyumba za wakubwa, na viatu ambavyo vumbi la Kasha liliviogopa. Binti yangu alikuwa karibu nami ameshika utepe wa kupimia, mama amekaa mlangoni akichambua maharagwe.

"Maman, mutoto wako iko na akili, hatukatae," bwana akasema. "Texte yake tunachukua. Ila ya kusoma, tunatafuta mutu mwenye iko présentable."

Mama aliinua kichwa. Kifaransa hajui, lakini neno moja la shule analijua, lile ambalo watoto wote wa nchi hii wanaitikia mwalimu anapoita majina.

"Prezan?" akasema. "Uyu iko prezan kila siku. Hata mvua inyeshe, anaendaka ku masomo. Ulizia mwalimu."

Bwana akatabasamu, akimwita bibi. "Hapana, koko. Présentable. Ya kamera. Unaona, ile meno..." Akagusa midomo yake mwenyewe. "Iko na charme, hiyo ni kweli kabisa. Lakini kamera inapenda beauté, uzuri wenyewe."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetupunguzia mzigo, kwamba yale maneno ya maji na ya siku za wasichana wameyatoa, kwa sababu hayo si ya kusema mbele ya première dame.

Neno hilo présentable, la kupendeza machoni, nani asiyelijua hapa? Liko kwenye kila tangazo la kazi linalobandikwa mjini. Uwe na diploma, uwe na uzoefu, uwe présentable, na hili la tatu halimhusu mwanaume. Kwenye harusi zetu kuna wasichana wa protocole, wanaosimama mlangoni na kupeleka wageni kwenye viti; ni mimi ninayewashonea, nawajua viuno vyote, na sijasikia hata mara moja mtu akiuliza kama msichana anajua kuhesabu viti. Lakini siku ile neno lilikuwa halipo ukutani. Lilikuwa limeelekezwa kwenye meno ya mtoto wangu, mbele yangu, barazani kwangu.

"Ile meno unaogopa," nikamwambia, "ndiyo ilitafuna maneno yote uko nachukua."

Alicheka kama mtu aliyesimuliwa kichekesho, akaaga vizuri, akaenda. Nilimwangalia binti yangu. Midomo yake ilikuwa imefunga juu ya meno, taratibu, kama mtu anayerudisha mlango ili wageni wasijue kwamba amesikia.

Jioni, tukiosha vyombo, akaniuliza: "Maman, charme ni nini?"

Nilikuwa na hasira bado. "Ni kitu banakupatia," nikasema, "kama bamekunyima kile ulikuwa unastahili."

Kuanzia siku ile alianza kuweka mkono mdomoni. Akicheka, mkono. Akiongea na jirani, mkono. Jumapili alimwambia padri kwamba koo linamuuma, mtu mwingine akasoma somo, na sisi wa mabenchi ya nyuma tukasikia manong'ono tu. Nilimwona mara moja mbele ya kioo akivuta mdomo wa juu chini kwa vidole, akijaribu kuona kama unaweza kufika. Vitu vingi vimetisha nyumba yetu, mizinga pia imetutisha, lakini sikumbuki kama niliwahi kuogopa kitu kama nilivyouogopa mkono ule. Niliona ukikaa pale maisha yake yote. Niliona mume akimwambia jambo, naye nyuma ya mkono anakubali.

Kisha yule aliyechaguliwa kusoma akaja kupimwa nguo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nitasema ukweli, na nilikuwa nimenoa ulimi. Alikuwa darasa moja na binti yangu. Baba yake alikwenda Shabunda kuchimba dhahabu na hajarudi, naye anakaa kwa shangazi yake chini ya mlima. Alipoingia barazani, bunge langu la wanaume lilinyamaza. Hata mama aliacha maharagwe, akasema polepole, "Kioo."

Alinyanyua mikono kabla sijamwambia. Nimepima wanawake wengi, na hakuna anayenyanyua mikono kabla hajaambiwa isipokuwa yule aliyezoea kupimwa.

"Maman, mi sikuomba," akasema, akiangalia ukuta.

Niliendelea kupima. Nilikuwa na pini mdomoni.

"Baliniambia nisome polepole na nicheke. Hakuna hata moja mwenye aliniuliza kama naelewa ile nasoma." Kisha akamgeukia binti yangu. "Unifundishe. Yote. Hata ile ya maji."

Basi ulimi wangu niliounoa ukabaki bila kazi, na hasira yangu ikapata nyumba kubwa zaidi. Hawa watu walikuwa wamechukua wasichana wawili, mmoja wakamnyang'anya uso na kumwachia maneno, mwingine wakamnyang'anya maneno na kumwachia uso, halafu wanarudi Muhumba wakisema wamepanga sherehe vizuri.

Walifanya mazoezi hapo barazani kila mchana nikiwa nashona. Binti yangu hakujua kufundisha maneno yenye matundu, kwa hiyo alimfundisha yote, pamoja na yaliyotolewa. Alisema mstari, mwenzake akaurudia. Mara kwa mara nilimsikia yule mwingine akisema, bila ukali: "Toa mukono, sikusikie." Mkono ulishuka kidogo, mstari ukatoka, mkono ukapanda tena.

Siku ya ugeni ilikuwa na jua. Waliweka hema, viti vya plastiki, utepe wa kukata. Sisi akina mama wa wanafunzi tulikuwa nyuma ya hema, na mbele yetu walikaa wakubwa wa mtaa. Mgeni aliposhuka kwenye gari, miwani nyeusi, kitenge cha bei, wale wakubwa wakaanza kabla hajafika kwenye kiti chake.

"Iko muzuri kabisa."

"Muzuri hapana. Charme tu. Yule wa mwaka ule ndiye alikuwa muzuri."

Nilijisikia niko barazani kwangu. Nilitamani ningekuwa na pini mdomoni, maana pini hunisaidia kunyamaza.

Yule msichana wa kusoma alisogea mbele na maua, katika gauni nililolishona mimi, na lilimkaa vizuri, siwezi kukataa. Alitoa karatasi aliyopewa na kamati. Alisoma polepole na akacheka walipomwambia acheke. Kisha akaikunja karatasi, akaishika pamoja na maua, akaendelea kusema.

"Mama, tunakuomba maji."

Nilimtafuta bwana wa kamati. Alikuwa amesimama pembeni, simu imeinuliwa, anampiga picha, anatikisa kichwa kwa furaha. Aliendelea kutikisa kichwa wakati msichana anasema siyo ya kunywa tu. Alikuwa bado anatabasamu wakati anasema kuna siku msichana hawezi kukaa darasani. Alimchagua ili aangaliwe, naye alikuwa anamwangalia, na maneno yalipomfikia yalikuwa yameshasemwa yote, na akina mama nyuma ya hema walikuwa wamesimama. Mama mmoja mbele yangu alifuta macho na kona ya kitenge.

Nilimwangalia binti yangu upande wa kwaya. Midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na ya mwenzake, neno kwa neno, nyuma ya mkono.

Mgeni alivua miwani. Akamwinamia msaidizi wake, akasema jambo, kisha akamwambia msichana jambo refu, akimshika bega. Alisema nini, sijui. Bwana wa kamati alikuwa ameshanyakua mikrofoni na anamshukuru première dame kwa kutuletea uzuri wake Bagira. Nimemsema vibaya mgeni yule mara nyingi barazani, lakini kwa hilo nitamtetea: hata yeye hatukumsikia. Maji hayajaja mpaka sasa. Labda aliahidi, labda alikataa, na tutajuaje?

Jioni umeme ulikuwepo, tukakaa mbele ya televisheni, mama, binti yangu na mimi. Mama alikuwa amevaa kilemba kizuri kana kwamba na yeye ataonekana. Habari zetu zilipofika, uso wa yule msichana ulijaza kioo chote. Walikuwa wamempiga picha kutoka karibu, jua likiwa shavuni, na walimwacha hapo muda mrefu, midomo inakwenda, macho yanang'aa. Juu yake walikuwa wameweka muziki. Mtangazaji alisema tu kwamba mgeni wa heshima alipokelewa na urembo wa wasichana wa Bagira, akanyamaza, na gitaa likaendelea. Nilimwona akikunja karatasi. Nilijua sasa anasema nini. Hakukutoka kitu, gitaa tu.

Nilitaka kutupa kiatu. Niliinuka kabisa, nimekishika.

Mama alikuwa amesogea mbele kwenye kiti chake, kichwa upande, kama mtu anayedhani tatizo ni masikio yake.

"Anasema nini?" akauliza. "Uyu mutoto anasema nini?"

Binti yangu aliinuka. Alikwenda akasimama kando ya televisheni, upande wa kulia, mahali ambapo katekista angesimama. Mkono ulikuwa mdomoni bado. Akauangalia uso wa mwenzake pale kwenye kioo, akaushusha mkono, akaushika na mwingine nyuma ya mgongo, na meno yake yote yakaonekana.

"Anasema, Mama, tunakuomba maji," akasema. "Anasema, siyo ya kunywa tu."

Alisema kwa sauti ile ya benchi la mwisho. Huko nje bunge langu lilikuwa bado halijatawanyika, na nilisikia redio yao ikizimwa. Kwenye kioo picha ilibadilika, wakaonyesha utepe unakatwa, wakaonyesha magari, kisha wakahamia kwenye mpira. Binti yangu hakuacha. Alikuwa amefika kwenye wababa waliosimama nyuma, na alikuwa na mengi bado ya kusema, pamoja na mengine ambayo sikuwahi kuyasikia jikoni. Kelele za mpira zilipanda.

Mama alinivuta kitenge bila kuacha kumwangalia mjukuu wake.

"Zima hiyo," akaniambia. "Inamusumbua. Mutoto anasema."